Uzoefu wangu na tangi la mezani la kudhibiti kina cha maji kwa mkono

Ninasimamia maabara ya shule ya ufundi hapa Lubumbashi, ambako vijana wanajiandaa kufanya kazi katika viwanda vya shaba na kobalti. Tangi hili la mezani halina mtambo wa kujiendesha, na kwa maoni yangu huo ndio ubora wake wa kwanza, kwa sababu mwanafunzi hulazimika kuelewa maji kabla ya kuikabidhi mashine kazi ya kudhibiti kina.

Tangi ni la plastiki angavu, lina kitako cha sentimita 20 kwa 20 na kimo cha sentimita 50, kwa hiyo kila lita moja huinua maji kwa sentimita 2.5. Yanayoingia yakizidi yanayotoka kwa lita 0.4 kwa dakika, kina hupanda sentimita 1 kwa dakika, mwendo ambao jicho huuona na mkono huuwahi.

Maji yanaweza kutolewa kwa njia mbili, na hapo ndipo kifaa kinapostahili bei yake. Yakitoka yenyewe kupitia robine (koki) ya chini, tangi hujituliza, kwa kuwa kina kikipanda msukumo chini huongezeka, na maji hutoka kwa kasi zaidi mpaka yalingane na yanayoingia. Lakini kasi hiyo hufuata kipeuo cha pili cha kina: mwanafunzi akiongeza maji yanayoingia kwa asilimia 20 tu, kina cha sentimita 20 hupanda hadi karibu 29, naye huona mwenyewe kwa nini robine huguswa kidogo kisha mtu akasubiri. Maji yakitolewa kwa pampu ndogo inayokamua mrija, utulivu huo hutoweka, kwa sababu pampu hiyo hutoa kiasi kilekile tangi likiwa limejaa au limepungua. Tofauti yoyote isiposahihishwa, hata iwe ndogo, mwisho wake ni mafuriko au ukavu. Wanafunzi wangu wengi hudhani njia ya pampu ndiyo rahisi, hadi waijaribu.

Mrija wa kioo wa kusomea kimo cha maji una kipenyo cha ndani cha milimita 12, jambo ninalolisifu, kwani katika mrija wa milimita 4 maji yangeweza kujivuta juu milimita 7 hivi na kudanganya msomaji.

Robine ya kuingizia ni ya sindano, yaani ncha nyembamba huziba tundu kidogo kidogo, na hurekebishika vizuri. Ile ya kutolea ni ya tufe, inayofunguka yote kwa robo mzunguko. Inafaa kufunga na kufungua, si kupimia, nasi tuliibadilisha.

Kasoro nzito zaidi ni bomba la kumwagia ziada, ambalo ni jembamba sawa na la kuingizia. Maji yetu hushuka kutoka pipa lililo juu, kwa hiyo umeme unapokatika, pampu ya kutolea husimama ilhali maji yanaendelea kuingia. Bomba la ziada, ambalo husukumwa na kina kidogo tu juu ya mdomo wake, haliwezi kuyamaliza. Anayekusudia kununua amwombe fundi atoboe tundu pana zaidi kabla ya tangi kujazwa mara ya kwanza, na pampu iwekwe juu ya meza, mbali na njia ya maji.