Namugongo kwa basi la hija kutoka Mwanza: njiani nawapa nyota tano, kule kwenyewe mbili

Kila ikifika Aprili naanza kupokea ujumbe: "Dada, wale mliokwenda nao Namugongo wako vizuri?" Ni kule karibu na Kampala, kwenye hija ya Mashahidi wa Uganda ya kila tarehe 3 Juni. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Jina la kampuni silitaji. Kijana aliyetuongoza tunafahamiana, na nia yangu si kumharibia riziki. Nitakachosema kinamfaa mtu yeyote anayelipia safari ya kundi, awe amelipia kwao au kwingine.

Tulikwenda mwaka 2024, wanawake wanne wa kwaya moja: mimi, Leokadia, Dafroza na Mama Vero. Tulilipa shilingi 350,000 kila mmoja, kwa basi la kwenda na kurudi, malazi, chai ya asubuhi na chakula cha usiku. Pasipoti na kadi ya homa ya manjano kila mtu alijitegemea. Mama Vero hakuwa na pasipoti, akachukua hati ya dharura uhamiaji, ikamvusha bila maneno.

Tuliondoka Jumamosi tarehe 1 Juni, saa 10 alfajiri. Pale Kigongo tulipoteza zaidi ya saa moja tukisubiri feri, huku daraja tunaliona pembeni halijakwisha. Anayekwenda sasa hilo halimhusu, daraja lilifunguliwa Juni 2025 na mnapita moja kwa moja hadi Busisi. Baada ya hapo Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba, Bukoba. Dereva namsifu bila kinyongo: hakukimbiza gari, hakushika simu, na ukimwambia unataka kuchimba dawa anasimama mahali pa staha, si kichakani tu ilimradi. Rozari ilisaliwa mara mbili, nyimbo ziliimbwa mpaka sauti zikakauka. Sisi tulibeba sato wa kukaanga na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa. Huo mfuko ukumbukeni, tutaurudia.

Mutukula, mpakani, ndipo nilipoona kazi ya hela yangu. Kijana alikuwa na orodha yetu imechapwa, majina na namba za pasipoti, nakala mbili. Pale maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja, kwa hiyo hupangi foleni Tanzania ukaanza upya Uganda upande wa pili. Watu karibu hamsini tulimaliza kwa saa moja na ushee. Kadi ya homa ya manjano ya Dafroza ilikuwa imeandikwa jina kwa "s" na pasipoti kwa "z", ofisa akaanza kukunja uso. Kijana alisogea, akaongea naye kwa upole, akamwonyesha tarehe ya kuzaliwa, namba, picha. Hakutoa hata senti. Ningekuwa peke yangu na Dafroza anayelia, sijui tungerudi Bukoba saa ngapi.

Sasa sikilizeni kosa letu. Tulipogongewa mihuri tu, akapita ndani ya basi na bahasha ya kaki. "Mama zangu, pasipoti naomba nizitunze mimi, kwa usalama, Namugongo kuna vibaka." Nikamwambia mimi yangu naishika. Akacheka, "Mama, zikipotea hamsini nitajibu mimi, ikipotea yako utajibu wewe." Basi lote likanitazama kama mchawi. Nikaitoa.

Lukaya tukanunua kuku wa mshikaki na ndizi za kuchoma kupitia dirishani, Kayabwe tukapiga picha kwenye mstari wa ikweta, na saa 3 usiku tukawa Kampala. Wenzangu wakataka kununua laini za simu. Muuzaji akasema laini kwa mgeni ni mpaka pasipoti. Pasipoti ziko kwenye bahasha, bahasha iko kwa kijana, kijana ameshatangulia kutafuta malazi. Tukasema aa, kesho.

Malazi. Kwenye simu tuliambiwa "hosteli, karibu kabisa na eneo la hija". Ilikuwa shule. Madarasa matatu, madawati yamesukumwa ukutani, magodoro membamba, moja watu wawili, na vyoo viwili kwa basi zima. Sikatai kulala chini. Mahujaji wengine wanatembea kwa miguu wiki nzima na wanalala kwenye majani. Lakini hao hawakuuziwa hosteli. Na hiyo "karibu kabisa" ni mwendo wa dakika hamsini kwa miguu ya kijana. Mama Vero ana miaka 61 na goti moja la kubembeleza.

Jumapili tarehe 2 ndiyo siku ninayoiombea irudi. Watu walikuwa wengi lakini unapita. Kanisa lile kwa mbali linafanana na msonge wa zamani, limezungukwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki, na limesimama pale alipochomwa Karoli Lwanga tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Dafroza alizizunguka nguzo akizihesabu kwa mkono, akapata 21, akarudia. Wenzao Waanglikana 23 waliouawa miaka ile wana eneo lao jirani, nalo siku hiyo lilikuwa limefurika. Chini kuna bwawa na altare ya Misa kubwa iko kwenye kisiwa katikati yake. Watu wanachota maji yale kwa chupa na vidumu. Bibi mmoja alikuwa amepiga magoti ukingoni, ananawisha mkono wa mjukuu wake aliyelala mgongoni, taratibu, kidole kimoja kimoja, mtoto hata hakuamka.

Hapo nikakumbuka kitu ambacho nashangaa hakuna aliyetueleza ndani ya basi kwa saa kumi na saba. Mapadri Weupe, wale wamisionari Wakatoliki waliokuwa wakiwafundisha vijana waliokuja kuwa mashahidi, waliondoka Buganda mwaka 1882, wakavuka ziwa wakaja kukaa kwetu kusini, Bukumbi, hapa hapa Misungwi. Walirudi 1885. Miaka ile yote katikati, vijana wa ikulu walifundishana sala wenyewe kwa wenyewe, padri hayupo. Mimi nimepita njia ya Bukumbi tangu utoto sikujua. Kampuni inayouza hija kutoka Mwanza ingeweza kutuambia hilo tu, tukaridhika na magodoro.

Jumatatu tarehe 3 tuliamshwa saa 9 usiku. Njia zimefungwa, magari hayasogei, ni miguu. Kuanzia Kyaliwajjala hutembei tena, unabebwa na watu. Langoni kuna ukaguzi wa kupita mmoja mmoja, na foleni ya wanawake ikagawanywa mara mbili. Leokadia akaenda kushoto, sisi kulia. Tukajua tutakutana ndani. Ndani! Kichwa kimoja ukikipoteza pale ni kama kutafuta dagaa mmoja ziwani.

Hana laini, sisi hatuna laini. Line zetu za Tanzania salio lilikuwa limeliwa usiku tukiwasalimia watoto. Kijana wa kampuni tulimwona mara ya mwisho saa 11 alfajiri, hakupanga mahali pa kukutana wala bendera ya kufuata. Misa ilianza mnamo saa 4, maaskofu wakapita kwa maandamano, kwaya zikaimba mpaka nywele zikasimama, na mimi nasali nusu, nusu nageuza shingo. Tulikuwa mbali, altare tuliiona kwenye skrini.

Kiswahili kule mitaani hakikufikishi mbali. Ukimuuliza muuza maji anakutazama, anajibu Kiluganda kwa tabasamu. Lakini askari! Askari na wanajeshi wao wengi wanakiongea. Dada mmoja polisi alinisikiliza, akashika sketi yangu kwa vidole viwili akaigeuza kuelekea mwanga. "Kitenge kama hiki? Nimemwona. Ako upande ya maji, na watu wa Tanzania." Tulikuwa tumeshona sare, njano yenye majani ya kijani, na Mama Vero alikuwa ameikataa rangi ile kwa wiki mbili nzima.

Tulimkuta saa 9 alasiri. Amekaa kwenye kivuli na mahujaji wa Kagera waliokuwa na bendera yetu, kavua viatu, ule mfuko wa matobolwa uko mapajani na umebaki robo. Sisi tangu alfajiri hatujaweka kitu mdomoni. Dafroza alitaka kulia, akacheka, akala.

Jioni nilidai pasipoti zetu. Kumbe bahasha haikuwa kwa kijana kabisa. Ilikuwa kwenye basi, basi liko limefungwa huko lilikoegeshwa, dereva amelala kwingine. Pasipoti hamsini kwenye kisanduku cha mbele cha basi, siku nzima! "Mama, ungeniambia tu ningekupa." Nilimwambia Jumamosi, Mutukula, mbele ya watu wote. Aliomba msamaha, nikampokelea. Kurudi kulikuwa salama na tulifika Mwanza Jumatano usiku wa manane.

Mwaka huu tunakwenda tena, wanne wale wale, basi lile lile. Tumewaambia tunalipia usafiri na kuvushwa mpakani tu, wakapunguza 60,000. Kulala ni kwa masista, tulipiga simu tangu Januari, na kila mtu pasipoti yake iko shingoni ndani ya kijimfuko alichoshona Mama Vero kwa kitenge kile kile cha njano kilichobaki. Matobolwa safari hii nabeba mimi.