Sengenya kwa dakika 12

Nimekulia Likoni, mama yangu Mdigo wa Ng'ombeni, kwa hivyo sengenya, ngoma yetu Wadigo, sikufundishwa, niliikuta arusini. Niliposikia kikundi cha sengenya kimo kwenye tamasha la kimataifa la sanaa pale bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari Mombasa, pamoja na wapiga ngoma wa Burundi na isukuti, ngoma ya Waluhya kutoka Kakamega, Jumamosi saa nane nilikuwa kwenye feri na wanangu wawili. Kiingilio shilingi 500 mtu mzima, watoto 200. Pesa yangu haikupotea. Lakini kuna jambo limenikaa moyoni.

Chini ya mbuyu nyuma ya jukwaa nilimkuta mzee anayepiga vumi, moja ya ngoma za sengenya, ameipakata ngoma yake kama mgonjwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ngozi imekunywa bahari hii. Hailii, inakohoa."

Makumbi ya nazi ya kuwasha moto wa kuikausha ngozi alikuja nayo kwenye kiroba, kiberiti anacho, ila mlinzi alimkataza: moto hauruhusiwi. Hofu ya moto naielewa. Lakini ukishaalika ngoma ya ngozi ije ipigwe kando ya bahari, muulize mwenyewe mapema inataka nini, umtengee pembe moja ya uwanja na ndoo ya mchanga. Mzee akaibeba mpaka nje ya lango, akawasha makumbi yake karibu na muuza madafu. Akawa anaizungusha mbele ya moto, anaigonga kwa ncha za vidole, anatega sikio, anaizungusha tena. Karibu nusu saa. Ule mlio wa kukohoa ukakaza kidogo kidogo, mpaka binti yangu akasema, "Mama, imeamka."

Warundi mashaallah. Waliingia ngoma ziko vichwani, wanatembea huku wanapiga, na ngoma zenyewe ni magogo mazima yaliyochimbwa ndani. UNESCO iliitambua ngoma yao mwaka 2014. Mwaka huohuo isukuti ya Waisukha na Waidakho iliwekwa kwenye orodha ya mila zinazohitaji kulindwa kwa haraka, na kwa nilivyowaona vijana wale na ngoma zao tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe ikiwaita, naomba walindwe kweli. Wanangu waliruka mpaka viatu vikawatoka.

Sengenya ikafuata, na hapo ndipo waandalizi waliponiudhi. Fundi wa mitambo alimwekea kipaza sauti mpuliza nzumari peke yake. Nzumari! Chombo kinachosikika mtaa wa pili bila msaada wa mtu. Kayamba, ambazo uzuri wake ni zile mbegu zinavyoteleza ndani ya matete kama mvua inayoanza kwenye makuti, hazikusikika kabisa. Mpiga nzumari mwenyewe ni hodari: mashavu yamejaa, anavuta pumzi puani bila kuukata mlio, macho kayafumba. Akina mama wakajipanga na leso zao kiunoni, mabega yanatetemeka, shingo imetulia tuli.

Kisha, dakika ya 12, mshereheshaji akapanda jukwaani kuwashukuru. Kiongozi wa nyimbo alikuwa ndiyo kwanza amemaliza salamu! Jina lenyewe linakwambia, sengenya ni kusengenya. Mwimbaji anataka muda wa kuwatazama watu, aone nani kavaa nini, nani kaja na nani, ndipo amtungie mtu ubeti na uwanja mzima ulipuke. Dakika 12 ni za kupasha moto tu. Huko Kwale ikianza baada ya isha, hakuna anayeangalia saa.

Kikundi hiki nakipa nyota tano, na mwenye arusi awatafute. Waandalizi nawapa tatu: vyoo vilikuwa safi, ratiba ilifuatwa, na watoto walikuwa na mahali pa kukaa mbele. Mwakani waipe sengenya saa nzima, tena iwe ya mwisho, asiwepo anayesubiri zamu nyuma yake.

Tulipotoka kwenda kupanda feri, mzee wa vumi alikuwa ameketi palepale kwa muuza madafu, makaa bado mekundu, anapiga. Nzumari ikamjibu, bila kipaza sauti. Akina mama wakafungua mstari kando ya barabara, tuktuk zikasimama, na Warundi wawili wakaingia katikati wakijifunza kutetemesha mabega. Kiongozi wa nyimbo akawatazama, akacheka, akaanza kuwasengenya kwa Kidigo. Tulivuka saa tatu usiku.