Kituo cha masomo cha wanamichezo katika vyuo vya NCAA: kinamfaa kiasi gani mchezaji wa tenisi?

Kila chuo cha Divisheni ya Kwanza, yaani ngazi ya juu, ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani) kinatakiwa kuwapa wanamichezo wake ushauri wa masomo na wakufunzi wa ziada, bila malipo. Tathmini hii inaipima huduma hiyo kwa jicho la tenisi pekee. Ratiba iliyopangwa kwa kumfikiria mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, mwenye mechi moja kwa wiki, haimkai vizuri mtu anayecheza Ijumaa na Jumapili kuanzia Januari hadi Mei.

Kwa kifupi: usajili wa mapema wa kozi na barua za safari, zinazomweleza mhadhiri kwa nini utakosa darasa, ni huduma bora kabisa. Wakufunzi ni wazuri ukijua kuwatumia. Saa za lazima za kujisomea zinachosha kuliko zinavyosaidia. Ushauri wa kuchagua kozi ndio wa kukaa nao macho.

Tuanze na saa zenyewe. Msimu wa mashindano, NCAA inaruhusu saa 20 za shughuli za timu kwa wiki, zisizozidi 4 kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Nje ya msimu ni saa 8. Siku ya mechi huandikwa saa 3 hata ikiwa ndefu kiasi gani. Kwa hiyo wiki ya kawaida inajaa hivi: Jumatatu mapumziko, Jumanne 4, Jumatano 4, Alhamisi 3, Ijumaa mechi, Jumamosi 3, Jumapili mechi. Jumla 20 kamili. Basi la saa sita, fiziotherapia, na hata saa za kujisomea zenyewe hazimo katika hesabu hiyo. Mshauri anayekupangia wiki kwa kutumia ile 20 tu anakupangia wiki isiyokuwepo.

Mechi za tenisi za vyuo zina ugumu ambao wapanga ratiba wengi hawaujui: hakuna anayeweza kukuambia zitaisha saa ngapi. Wawili wawili hutangulia, seti moja kwenye viwanja vitatu, kisha mechi sita za mmoja mmoja za kushinda seti mbili kati ya tatu. Viwanja sita vikiwepo, zote huanza pamoja, na jumla inaweza kuwa saa tatu hivi. Mvua ikinyesha na kuwalazimisha kuingia kwenye ukumbi wenye viwanja vinne au vitatu, mechi za mmoja mmoja huchezwa kwa zamu na jioni nzima inakwisha. Ndiyo maana miadi na mkufunzi saa 2 usiku siku ya mechi huvunjika, na vituo vingi huandika miadi iliyovunjika kama utoro. Usikubali miadi yoyote siku ya mechi ya nyumbani, hata ukiambiwa ndiyo nafasi pekee iliyobaki.

Usajili wa mapema unastahili alama zote. Katika vyuo vingi wanamichezo hufunguliwa mfumo wa kuchagua kozi kabla ya wanafunzi wengine, na kwa tenisi hilo ndilo linaloamua muhula. Mazoezi yakiwa alasiri, kozi zote ziwe zimekwisha kufikia saa 7 mchana. Maabara za sayansi ndizo hatari zaidi kwa sababu huchukua saa mbili au tatu na nyingi huwekwa alasiri, hivyo chukua ile ya asubuhi siku hiyohiyo mfumo unapofunguka. Kozi inayokutana Ijumaa tu usiiguse muhula wa mechi.

Hapo zamani ushauri ulikuwa rahisi: kozi ngumu zote ziende muhula wa vuli, ule wa kabla ya Januari. Tangu 2024 fainali za taifa za mmoja mmoja na wawili wawili zilihamishiwa Novemba, na kwa mchezaji wa kiwango cha juu vuli nayo imepata wiki zake nzito, karibu kabisa na mitihani ya mwisho. Mshauri asiyelijua hili anafanya kazi na kalenda iliyokwisha.

Barua ya safari ni karatasi ndogo yenye kazi kubwa. Nzuri huonyesha tarehe, saa ya kuondoka chuoni, saa ya kurudi, na sahihi ya idara ya michezo. Mbovu huandika “Ijumaa, mashindano” na kumwacha mhadhiri akisie. Ikabidhi kwa mkono wiki ya kwanza ya muhula, pamoja na silabasi uliyozungushia kila jaribio linaloangukia safari, uombe kulifanya kabla ya kuondoka. Baada ya kurudi ni vibaya: tayari kuna kozi nyingine inakudai. Kumbuka pia kwamba kanuni hairuhusu kukosa darasa kwa ajili ya mazoezi, isipokuwa timu iko safarini kwa mechi ya ugenini. Kocha akikuita mazoezini wakati una darasa la nyumbani, sheria iko upande wako, na kituo kinapaswa kukusemea.

Kosa dogo linaloangusha watu safarini ni saa za kanda. Kazi inayofungwa saa 5:59 usiku kwa saa za chuo kilichopo Ohio inafungwa saa 2:59 usiku ukiwa California, pengine bado uko mezani na timu mkila chakula cha jioni. Weka saa ya kompyuta yako kwenye kanda ya chuo na uiache hapo safari nzima.

Wakufunzi ni wanafunzi wa miaka ya juu au wa shahada ya uzamili, na wengi wanajua somo lao vizuri. Wanafaa zaidi katika hesabu, takwimu, kemia na uchumi. Nenda na swali ulilokwisha jaribu, lenye hatua ulizokwama. Katika insha wamefungwa mikono: mkufunzi akikuandikia sentensi zako, hilo ni kosa la kitaaluma linaloweza kukuondolea haki ya kucheza. Kituo makini humzuia hata kushika kibodi yako, na ni vizuri kiwe hivyo.

Saa za lazima za kujisomea, hasa kwa wa mwaka wa kwanza, hupimwa kwa kadi mlangoni. Kadi inahesabu dakika za kukaa, haijui kama umesoma. Ukumbi umejaa wanariadha wa kila timu, kelele hazikosi. Tumia muda huo kwa kazi nyepesi: kupanga maelezo, kujibu barua pepe za wahadhiri. Usomaji mzito upeleke maktaba Jumatatu asubuhi, siku miguu ilipopumzika.

Sasa kozi na krediti (alama za uzito wa kozi zinazojumlishwa hadi shahada), mahali ambapo huduma hii inaweza kukuumiza huku ikitabasamu. Kazi ya kwanza ya mshauri ni kukulindia sifa ya kucheza: krediti 12 kila muhula, kufaulu angalau 6, na kuwa umekamilisha asilimia 40 ya shahada unapoanza mwaka wa tatu, kisha 60, kisha 80. Shahada ya krediti 120 ina maana ya 48 baada ya mihula minne. Hesabu mwenyewe: 12 mara nne ni 48 barabara, bila akiba. Kozi moja ikianguka, au isipohesabika katika shahada uliyotangaza, umepungukiwa. Ndipo mshauri anapokusogeza kwenye shahada “inayokubali” krediti ulizonazo, na mtu aliyetaka uhandisi anamaliza na kitu asichokipenda.

Mpango salama ni krediti 15 vuli na 12 wakati wa mechi. Kwa miaka minne hiyo ni 108, na 12 zinazobaki, yaani kozi nne, zigawe katika majira matatu ya joto. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, azingatie jambo moja zaidi: katika zile 12 za lazima, ni kozi moja tu ya mtandaoni, isiyozidi krediti 3, inayohesabika kwa muhula. Mshauri aliyezoea Wamarekani anaweza kukupangia mbili kwa nia njema kabisa ya kukurahisishia safari, kwa hiyo ratiba yake ipeleke ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kuithibitisha.

Ukitembelea chuo kabla ya kusaini, omba kuonyeshwa kituo, kisha uliza mambo matatu: nani husimamia mtihani timu ikiwa safarini, wachezaji wa tenisi wa sasa wanasoma shahada gani, na kama wakufunzi wapo Jumapili usiku, saa ambayo basi la tenisi linarudi.