Godoro la springi na sponji, au sponji tupu?

Sokoni Kadutu, hapa Bukavu, muuzaji atabonyeza godoro kwa kiganja na kukuambia, "Hii ni ya nguvu, papa." Lakini kiganja hakilali. Vua viatu, ujilaze juu yake vile unavyolala nyumbani.

Mimi hulala ubavu. Kwenye sponji tupu, ile ngumu, bega la kushoto lilikuwa na ganzi kila asubuhi. Godoro mchanganyiko lina springi chini na tabaka la sponji laini juu, kwa hiyo bega na nyonga huzama kidogo huku kiuno kikishikiliwa. Kwangu hapo ubishi uliisha.

Anayelala chali anaweza kutumia lolote. Apitishe mkono chini ya kiuno: ukipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu mno, ukikwama kabisa, amezama. Wa kifudifudi achukue sponji ngumu, maana tumbo likizama mgongo unapinda.

Bibi yangu hugeuka usiku kucha. Springi zilizovikwa kila moja mfuko wake hazinitikisi. Zile zilizoungwa kwa waya, akigeuka yeye, naamka mimi.

Sponji tupu ni rahisi kwa bei, tena unalikunja, unalifunga kamba, na mtu mmoja anapanda nalo kilima. La kwetu tulilibeba watatu, tukapumzika mara mbili njiani, na mlangoni ikabidi tulisimamishe wima.