Mfano wa Banda Chakavu: Mbao Halisi au Plastiki?
Anayejenga mfano wa banda chakavu kwa kipimo cha 1:48, ambapo ubao wenye upana wa sentimita 20 hubaki na takribani milimita 4, ana njia mbili kuu. Vipande vyembamba vya mbao huchakaa kirahisi: vikikwanguliwa kwa brashi ya waya kwa kufuata nyuzi zake, kisha vikapakwa wino mweusi uliozimuliwa kwa spiriti (maji huvipinda), hupata ukijivu wa mbao zilizopigwa jua na mvua kwa miaka mingi, na ncha zikivunjwa kwa vidole huacha mpasuko wa kweli. Kasoro ni kwamba nyuzi hazipungui pamoja na jengo, hivyo ubao wenye nyuzi pana hufichua udogo wa mfano papo hapo.

Plastiki haina tatizo hilo wala haiathiriwi na unyevu, lakini kila mstari wake lazima uchongwe kwa mkono. Kwa kuta ningechagua mbao bila kusita. Plastiki ningeiachia fremu za madirisha. Paa la mabati halihitaji hata kimoja kati ya hivyo, kwani karatasi ya alumini iliyokandamizwa juu ya vijiti vya meno vilivyopangwa sambamba hutosha.