Tokeni iliyokataliwa na mita: uzoefu wangu na huduma kwa wateja ya kampuni ya umeme Uingereza

Kwa kawaida mtu hana la kusema kuhusu kampuni inayomuuzia umeme maadamu taa zinawaka, na mimi pia sikuwahi kuwa na la kusema. Ninaandika kwa sababu ya swali moja nililoulizwa kwa simu na mhudumu wao, katika wiki za baridi kali za msimu uliopita, nikiwa kwenye nyumba tuliyopanga hapa Leeds, nimevaa koti ndani na nimempakata mtoto aliyeviringishwa blanketi. Mhudumu huyo aliniuliza, "Je, kuna mtu mwingine hapo nyumbani ninayeweza kuzungumza naye?" Tangu siku hiyo, nembo yao ikitokea tu kwenye simu yangu moyo hunipanda, na msomaji na alizingatie hilo anapoyapima haya ninayoyasema.

Nyumba yetu ina mita janja ya kulipia kabla, tuliyoikuta ukutani tulipohamia pamoja na kampuni iliyokuwa ikimuuzia umeme mpangaji aliyetutangulia. Mwishoni mwa juma nililipa kwa programu ya simu kama ilivyo ada, benki ikakata fedha papo hapo, lakini salio kwenye mita halikupanda hata senti moja. Malipo hayo yanatakiwa kuifikia mita yenyewe kwa mawasiliano ya mbali, na yasipofika, mteja hupewa tokeni ya tarakimu 20 aiingize kwa mkono. Niliiingiza, ikakataliwa. Mita haikukata umeme saa ile, kwa kuwa mita hizi zimepangwa zisikate usiku, wala mwishoni mwa juma, wala sikukuu, hata salio likiisha kabisa. Huo ni utaratibu wa kiungwana na ninausifu mapema kabla hasira haijanizidi. Ila asubuhi ya siku ya kazi ilipowadia, huruma hiyo ikafika mwisho wake, na nyumba nzima ikazimika wakati fedha zangu wanazo wao.

Kwa asiyeishi huku huenda ikawa vigumu kuona tatizo liko wapi, kwani joto la nyumba linatokana na gesi, si umeme. Boila inaunguza gesi, ni kweli, lakini pampu inayozungusha maji ya moto kwenye rejeta za ukutani na kidhibiti chake vyote vinategemea umeme, kwa hiyo gesi ipo, bili yake inalipwa, na bado vyumba vinapoa. Intaneti nayo hufa pamoja na ruta, na simu ya nyumbani iliyounganishwa kwenye ruta hiyo huifuata. Nilibakiwa na simu ya mkononi, na chaji yake ilikuwa ndogo.

Kwanza nilipiga 105, namba ya bure ya kutoa taarifa za umeme kukatika, ambayo humuunganisha mpigaji na kampuni inayomiliki nyaya za eneo lake, wala si kampuni inayomuuzia umeme. Nitasema kweli: laiti tathmini hii ingekuwa yao, ningewapa nyota zote bila kusita. Dada aliyepokea aliuliza mambo mawili tu, kama majirani wana taa na kama kioo cha mita kinaonyesha maandishi. Taa za ngazini zilikuwa zinawaka, na maandishi kwenye mita yalikuwepo. Akanieleza kwa utulivu kwamba kioo kikiwa hai maana yake umeme wa mtaani unafika mpaka kwenye mita, na kilichoukata ni mita yenyewe. Kingekuwa cheusi angetuma fundi wa kuangalia fyuzi kuu na waya unaoingia, lakini mambo ya salio yako chini ya muuzaji. Kabla ya kuniaga aliuliza kama nyumbani kuna mtoto mdogo au mgonjwa anayetegemea mashine, akaniandikisha kwenye orodha ya wateja wa kupewa kipaumbele, orodha ambayo kampuni inayochukua fedha zangu haikuwahi hata kuitaja.

Nilipompata mhudumu wa muuzaji, baada ya muziki mrefu uliokuwa ukinilia chaji, nilimsimulia yote hayo kwa mpangilio, nikamsomea tokeni. Akasema niiingize. Nikaiingiza, ikakataliwa. Akasema niiingize polepole. Nikaiingiza polepole, nikitamka kila tarakimu ili aifuatilie, ikakataliwa vilevile. "Zinatakiwa ziwe ishirini, mama, hebu zihesabu," akaniambia. Nikazihesabu kwa sauti huku mtoto akicheka, kwa kuwa yeye alidhani ni mchezo, na zikatimia ishirini. Nikamwomba alinganishe namba ya mita iliyoko kwenye akaunti na ile iliyochapwa kwenye mita yenyewe, nikiwa tayari kumsomea. Hapo ndipo alipovuta pumzi na kuniuliza kama kuna mtu mwingine wa kuzungumza naye.

Hakulisema kwa ukali, na ndiyo maana lilinichoma zaidi. Alilisema kwa sauti ile ya upole ambayo watu humsemeza mgonjwa aliyechanganyikiwa. Kazi yangu ni mapokezi katika kliniki ya meno, ambako siku nzima ninazungumza Kiingereza na watu wenye maumivu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba aletewe mwingine. Nilimuuliza huyo mtu mwingine awe nani. Akajibu, "Yeyote anayeielewa hiyo mita." Aliyekuwepo ni mtoto asiyefikisha miaka mitatu, na nakiri kwamba nilitamani sana kumkabidhi simu. Kisha mhudumu akanifahamisha kwamba mfumo wake hauonyeshi hitilafu yoyote katika eneo letu, akanishauri nipige 105, akanitakia siku njema na kukata simu.

Jirani wa chini alinipokea nichajie simu kwake, na nikapiga tena. Safari hii alipokea mama mmoja ambaye swali lake la kwanza lilikuwa namba iliyochapwa kwenye mita. Alinyamaza kidogo, kisha akasema akaunti yetu bado ilikuwa na namba ya mita ya zamani, iliyong'olewa kabla hatujahamia. Tokeni hutengenezwa kwa ajili ya mita moja tu na haikubaliki kwenye nyingine, kwa hiyo hata ningeiingiza mpaka jioni isingeingia, iwe ni mimi ninayeiingiza au huyo mwelevu aliyekuwa akitafutwa. Akarekebisha namba na kunitumia tokeni mpya, ambayo iliingia bila matata, kisha akanikumbusha kubonyeza kitufe cha kurudisha umeme, kwani mita hizi haziwashi zenyewe, zisije zikawasha jiko au pasi iliyosahaulika. Boila ikaanza kuunguruma. Akaomba radhi bila kuambiwa. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kutoa nyota tatu, hata nne.

Baadaye nikasoma kanuni. Mteja akitoa taarifa kwamba mita yake ya kulipia kabla haifanyi kazi siku ya kazi, muuzaji anatakiwa ashughulikie ndani ya saa 3, na akishindwa humlipa fidia ya pauni 40. Nikaidai. Nikajibiwa kwamba saa zinahesabiwa kuanzia simu ya pili, kwa sababu ile ya kwanza iliandikwa kama "swali la mteja" na si taarifa ya hitilafu. Yaani kwa kuwa mhudumu hakuniamini kwamba mita ina tatizo, basi kwa mujibu wa kumbukumbu zao tatizo halikuwepo! Kuhusu maneno yake, barua ilisema kwamba mhudumu alifuata utaratibu uliowekwa. Nilipofika hapo nyota zilishuka mpaka moja, na kama ingewezekana kuacha nafasi tupu ningeiacha.

Mume wangu ananiuliza kwa nini sihami, na ana haki ya kuuliza, kwani hata mpangaji anaruhusiwa kuchagua muuzaji mwingine ikiwa analipia umeme mwenyewe. Ninasita kwa sababu bei za mita hizi zinabanwa na ukomo uleule wa Ofgem, mdhibiti wa nishati, kokote niendako, na kwa sababu katika kampuni hii angalau najua yupo mtu mmoja anayesoma namba ya mita kabla ya kumhukumu aliyeishika simu. Malalamiko yangu rasmi yanaendelea. Wiki 8 zikipita bila ufumbuzi nitayapeleka Energy Ombudsman, wasuluhishi huru wa migogoro ya nishati, ambao uamuzi wao huibana kampuni mteja akiukubali, na ninachodai kwanza ni kuombwa radhi, pauni 40 zije baadaye.

Hata hivyo, kwa leo nimeipandisha ile moja na ninaacha nyota mbili, na zote ni za yule mama wa simu ya pili. Nimeomba pia, kwa haki ninayopewa na sheria ya taarifa binafsi, nakala ya sauti ya simu ya kwanza, nao wana mwezi mmoja wa kuitoa. Nikishaisikiliza nitairekebisha tathmini hii, na sioni dalili kwamba itapanda.