Nilipandisha saizi ya tairi za RAV4 Kilitime, nikarudi nusu njia

Kilitime yangu ilikuja na tairi 215/70R16, yaani upana milimita 215, ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu inchi 16. Shamba la mikorosho liko upande wa Newala, ukweni ni Msimbati, pwani ya Mtwara, kwa hiyo safari zangu ni makorongo au mchanga. Mwaka jana nikaivalisha 235/70R16, za mtumba lakini kashata zake (yale meno ya tairi) bado nzuri.

Gari ilisimama kibabe, hilo sibishi. Shemeji aliuliza kama nimenunua nyingine. Hesabu ndiyo iliyonivunja moyo baadaye. Tairi ya zamani ina kipenyo cha milimita 707, mpya 735. Tofauti ni 28, ila gari inanyanyuka 14 tu, maana nusu ya ongezeko inaelekea chini na nusu inaelekea juu, kwenye madigadi. Sentimita moja na nusu haifiki!

Na hiyo nusu ya juu ndiyo iliyoleta kero. Nikikata usukani hadi mwisho, tairi inakwaruza plastiki ya ndani. Nikiwa peke yangu, mara moja moja. Nikipakia watu na magunia mawili ya korosho, kila shimo lina krrr yake. Fundi akataka tuikate ile plastiki. Nikamwambia hapana, leo plastiki, kesho bati.

Kupanda kwenda Newala ndiko nilikojuta hasa. Tairi kubwa inaifanya gari ivute kama iko gia ya juu kuliko inavyotakiwa. Kilima nilichozoea kukimaliza bila kelele, gia ikawa inarudi chini yenyewe na injini inalia. Kushuka nako, breki ikataka mguu mzito kidogo.

Dashibodi pia inadanganya. Kama spidi mita yako ilikuwa sahihi, ikisoma 100 sasa uko 104, na pale kijijini ikisoma 50 uko 52. Tochi ya trafiki haijui habari za tairi zako. Halafu safari ya kilomita 200 inahesabiwa 192, nami nikazunguka wiki nzima nikiamini gari imeanza kula mafuta. Ilikula kidogo kweli, lakini sehemu kubwa ilikuwa hesabu.

Spea sikuibadilisha, ubahili tu. Kosa baya, kwa sababu gari yangu inavuta tairi zote nne, na ukichanganya saizi difu, zile gia zinazogawa nguvu kwenye tairi, ndiyo inayoumia. Nilipopata pancha njiani nilitembea taratibu kama nimebeba mayai.

Sasa Msimbati, ambako ndiko nilikozitakia. Safari ya kwanza tu nikazama mchangani, na tairi zangu mpya. Kijana mmoja akaja, akatazama, akasema, "Mjomba, toa upepo." Tukashusha kutoka PSI 32 hadi 18, gari ikatoka yenyewe. Tairi ikilegea inatanda juu ya mchanga badala ya kuchimba. Siku nyingine nilirudisha zile 215 kwa muda, nikatoa upepo vilevile, nikapita. Kumbe dawa ilikuwa bure! Ila tembea na pampu, ukifika lami ujaze, tairi laini kwenye mwendo inapata moto.

Kuna muuzaji alitaka pia kunipa rimu za X-Trail, eti matundu ya nati ni matano na nafasi ni ileile. Ni kweli, duara la matundu ni milimita 114.3 zote mbili. Lakini tundu la kati la Nissan ni 66.1, la RAV4 ni 60.1, kwa hiyo bila ringi ya kujazia pale katikati unaweza kupata usukani unaotetemeka. Nati nazo mkao wake si lazima ufanane. Nikaziacha.

Leo natembelea 225/70R16, zote tano. Kipenyo 721, asilimia 2 tu juu ya ya asili. Haikwaruzi hata nikiwa nimejaza, na mlima wa Newala umerudi kuwa mlima wa kawaida. Zile 235 mbili nimeuza, mbili ziko uani, kuku wameshaanza kutagia.